Barua ya wazi: Setilaiti ya redio ya ridhaa iwe ya wanaoisikiliza

Kwa wakuu wa mashirika ya anga za juu, wasimamizi wa masafa ya redio, wakuu wa vyuo vikuu vinavyojenga setilaiti ndogo, na viongozi wa vyama vya setilaiti za redio ya ridhaa.

Waheshimiwa,

YAH: FEDHA NA MADHUMUNI YA SETILAITI ZA REDIO YA RIDHAA

Ombi langu nalitanguliza ili lisije likapotea katikati ya maelezo. Naomba kila setilaiti inayopewa masafa ya redio ya ridhaa, yaani redio ya watu wanaowasiliana kwa kupenda ufundi wake tu bila kulipwa, au inayojengwa kwa michango ya watu wa redio ya ridhaa, ibebe kitu ambacho mwanaridhaa yeyote, popote alipo, anaweza kukitumia au kukisoma. Naomba pia bajeti yake ipangwe hadi siku setilaiti itakaponyamaza, badala ya kukomea siku ya kurushwa, siku ya picha na makofi. Mambo haya mawili yamefungamana, kwa sababu nimeona mara nyingi kwamba mradi usiojua unamtumikia nani ndio huo huo unaoishiwa fedha mara roketi inapoondoka.

Nianze na sheria, maana nyote mnaifahamu na baadhi yenu ndio walinzi wake. Kanuni za Redio za Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu, ITU, zinaieleza huduma ya redio ya ridhaa kuwa ni ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, ikiendeshwa na watu walioidhinishwa ambao wanavutiwa na ufundi wa redio kwa nia yao binafsi, bila maslahi ya fedha. Huduma ya setilaiti za ridhaa ina madhumuni hayo hayo, ila hutumia vituo vilivyo angani. Kanuni hizo zinakataza mawasiliano ya wanaridhaa wa nchi mbalimbali kusimbwa kwa nia ya kuficha maana, isipokuwa amri zinazopita kati ya kituo cha uongozi kilicho ardhini na setilaiti yake. Mtu akivisoma vifungu hivyo kwa utulivu ataona kwamba masafa haya hayakuwekwa kama akiba ya bure kwa kila mradi usio na pa kwenda. Waliopewa ni watu wanaofundishana na kuitikiana, na uwazi ndio kodi wanayolipia.

Setilaiti ya kwanza ya ridhaa, OSCAR 1, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1961 kutoka Vandenberg, California, ikidandia roketi iliyobeba setilaiti ya jeshi la Marekani, mahali ambapo vinginevyo pangewekwa chuma cha kusawazisha uzito. Ilikuwa na kilo 4.5 hivi na mtambo wa kurushia mawimbi wenye nguvu ya miliwati 140, na kwa muda wa wiki tatu ilirudia herufi mbili tu za msimbo wa Morse, H na I. Kasi ya herufi hizo ilibadilika kadiri joto la ndani lilivyobadilika, kwa hiyo mtu mwenye saa na sikio makini aliweza kujua ndani ya chombo kile kuna joto kiasi gani. Zaidi ya wanaridhaa 570 katika nchi 28 walituma taarifa za walichokisikia. Kila aliyekuwa na redio, saa na daftari alikuwa mshiriki kamili wa utafiti huo, na hakuna aliyehitaji kuomba ufunguo kwa mwenye chombo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni AMSAT-OSCAR 7. Wanaridhaa wa Marekani, Ujerumani Magharibi, Kanada na Australia walishirikiana kuijenga, ikarushwa tarehe 15 Novemba 1974, ikahudumu kwa miaka sita na ushee hadi mwaka 1981, betri zake zilipopata shoti na chombo kizima kikazimika. Watu waliiandika katika orodha ya marehemu na kuendelea na mambo mengine. Kisha tarehe 21 Juni 2002, miaka 21 baadaye, ishara yake ikasikika tena. Kumbe ile shoti ya betri ilikuwa imeachia, na umeme wa paneli za sola ukapata njia ya kuifikia mitambo moja kwa moja bila kupitia kwenye betri. Tangu siku hiyo ikawa inaamka kila inapoingia juani na kulala kila inapoingia kwenye kivuli cha dunia, na vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto iliporushwa wamezungumza kupitia transponda yake, yaani mtambo unaopokea mawimbi na kuyarudisha ardhini.

Ni rahisi kuliita tukio hilo bahati. Mimi naona mambo matatu yaliyokuwa yameamuliwa kabla ya kurushwa. Setilaiti ile iliwekwa kwenye kimo cha kilomita 1,450 hivi, ambako hewa ya kuiburuta chini karibu haipo. Ilipewa transponda inayopokea kipande kizima cha bendi moja na kukirudisha ardhini kwenye bendi nyingine, bila kujali aliyemo anatumia sauti au Morse, wala ni raia wa nchi gani. Na maelezo ya namna ya kuitumia yalikuwa mikononi mwa umma tangu mwanzo, hivyo aliyeisikia mwaka 2002 hakulazimika kumtafuta mtu wa kumpa nywila. Niongeze kwamba AMSAT-OSCAR 7 na ndugu yake aliyeitangulia, AMSAT-OSCAR 6 ya mwaka 1972, zilitumika katika majaribio ya kutafuta mahali alipo mtu mwenye kifaa cha dharura kwa kupima namna masafa yake yanavyobadilika, majaribio yaliyotangulia mfumo wa kimataifa wa uokoaji wa Cospas-Sarsat. Anayeuliza setilaiti za watu wa ridhaa zimeifaa nini dunia aanzie hapo.

Najua kwamba baadhi yenu husaini nyaraka za miradi hii bila kuwahi kushika antena, na silisemi hilo kwa kuwalaumu. Naomba tu niwasimamishe uwanjani kwa dakika kumi. Saudi-OSCAR 50, iliyorushwa Desemba 2002, ni kisanduku kidogo chenye ripita moja ya FM, mtambo unaopokea sauti ya mtu mmoja na kuirusha upya kwa wote. Unasimama mahali pa wazi na redio ya mkononi na antena ya Yagi, ile ya fito unayoielekeza upande wa setilaiti, uliyoiunda mwenyewe kwa vipande vya tepu ya chuma ya kupimia. Unatega redio kwenye 436.805 MHz, juu kidogo ya masafa halisi ya setilaiti ambayo ni 436.795, kwa sababu inakuja upande wako na athari ya Doppler inayapandisha mawimbi yake. Mwanzoni husikii ila mvumo. Kisha mvumo unazama, kimya kinaingia, na ndani ya kimya hicho mtu anaitaja alama ya kituo chake. Setilaiti ikifika juu ya kichwa unashuka hadi 436.795, huku ukizungusha kiganja ili antena ilingane na ulalo wa mawimbi. Ikielekea kuzama unashuka tena hadi 436.785, na sauti zinakatika moja moja hadi mvumo unarudi. Binti mmoja wa shule niliyemshikisha antena yangu aliniuliza kwa nini namba zinashuka tu wala hazipandi, na kabla sijafungua kinywa akajijibu mwenyewe: “Ni kama king’ora cha gari la wagonjwa likikupita.” Vitabu vya fizikia alikuwa navyo muda wote, lakini jambo hilo alilielewa siku ile.

Hiyo ndiyo elimu ambayo kila andiko la kuomba fedha za setilaiti linaitaja katika ukurasa wa kwanza. Kinachonisumbua ni kinachofuata baada ya ukurasa huo.

Mwaka 1999 wahadhiri wa vyuo vikuu viwili vya California walibuni kipimo cha CubeSat, kisanduku cha sentimita 10 kila upande, na tangu vya kwanza viliporushwa tarehe 30 Juni 2003 vyuo vikuu vya kila bara vimevijenga. Nimefurahi kwa kila kimoja. Lakini vingi kati yake huomba nafasi kati ya 435 na 438 MHz kwa kuwa bendi hiyo haina ada, vifaa vyake vinapatikana kwa urahisi na masikio ya kuisikiliza yako kila mahali. Kisha vikifika angani hutuma data zinazowafaa wenyewe peke yao, katika muundo ambao haujachapishwa popote, hadi betri ichoke. Mwanaridhaa aliyepisha masafa yake anabaki na mlio usio na maana.

Nilipitia jambo hili mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mradi mmoja wa chuo, ambao sitautaja, ulitangaza kwamba setilaiti yake imeanza kutuma mawimbi, nami kwa juma zima nikawa naamka usiku kuirekodi kila inapopita. Niliandika mara tatu kuomba muundo wa data ili nijue nilichokirekodi ni nini. Jibu nililopata ni kwamba muundo huo ni mali ya mradi. Haikupita miezi mingi, watu wale wale wakatoa ombi kwa wanaridhaa wote duniani: setilaiti yetu haitujibu, nani ameisikia, lini, na kwenye masafa gani? Niliwatumia rekodi zangu zote, kwa moyo mweupe, kwa sababu najua wanafunzi walioijenga walikuwa na uchungu kuliko mimi. Setilaiti yenyewe haikupatikana tena, na mimi hadi leo sijui namba zile zilikuwa zinasema nini.

Sidai wanafunzi wafukuzwe kwenye bendi zetu. Wengi wetu tuliingia katika redio tukiwa wanafunzi. Ninachodai kinawezekana, na kimekwisha kufanyika. FUNcube-1 ya wanaridhaa wa Uingereza, iliyorushwa tarehe 21 Novemba 2013, ilipangwa hivi: ikiwa juani, wakati shule ziko wazi, inatuma kwa nguvu taarifa za joto, volti na mkondo wa umeme ambazo darasa lolote lingeweza kuzinasa kwa kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta na programu ya bure, ikiingia kivulini, transponda inawashwa kwa ajili ya mazungumzo. Chombo kilikuwa kimoja cha sentimita 10, na pande zote mbili zilipata haki yake. Huko Marekani, setilaiti za Fox-1 zilibeba vipimo vya mionzi vya Chuo Kikuu cha Vanderbilt, na data zake zilisafiri polepole, biti 200 kwa sekunde, chini ya sauti za watu wanaozungumza kupitia ripita, kwenye mtambo huo huo na masafa hayo hayo. Kila aliyekuwa akisikiliza mazungumzo aliweza kuwa mkusanyaji wa data za chuo. Wahandisi wa miradi hiyo hawakuwa na fedha nyingi. Walijiuliza mapema tu nani atakuwa upande wa pili wa mawimbi.

Kwa wasimamizi wa masafa, basi, naomba mambo yafuatayo. Kibali cha kutumia masafa ya ridhaa kiambatane na sharti kwamba muundo wa data na maelezo ya mitambo vichapishwe kabla ya kurushwa, na msiridhike na ahadi kwamba vitachapishwa baadaye. Mradi ambao kwa sababu halali hauwezi kuwa wazi uelekezwe kwenye masafa mengine. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio wa mwaka 2019 ulishaweka nafasi karibu na 137 na 148 MHz kwa ajili ya kuongoza setilaiti za muda mfupi. Muungano wa Kimataifa wa Redio ya Ridhaa, IARU, hufanya kazi ya kupanga nani atumie masafa gani, na kazi hiyo haina meno ikiwa mamlaka za nchi zinatoa vibali bila kuusikiliza. Kifungu kinachotaka vituo vya kuiamuru setilaiti viwepo ardhini kabla ya kurushwa, ili iweze kuzimwa mara moja ikileta madhara, nacho kikaguliwe kwa vitendo. Mwaka huo huo wa 2019 lilitolewa pendekezo barani Ulaya la kuichunguza bendi yetu ya 144 hadi 146 MHz kwa matumizi ya ndege, likaondolewa baada ya wanaridhaa kupinga kwa pamoja. Siku pendekezo kama hilo litakaporudi, tutaulizwa tunafanya nini na bendi hiyo, nami ningependa jibu letu liwe la kweli.

Nije kwenye fedha zenyewe. Zama za kudandia roketi bure badala ya chuma cha kusawazisha uzito zimekwisha kwa sehemu kubwa, kwa sababu kilo kila moja sasa ina mnunuzi. Vyama vya ridhaa viliwahi kujenga vyombo vikubwa kwa michango ya wanachama na kazi ya kujitolea, na historia yake ina machungu. Setilaiti ya Phase 3-A ilipotea mwaka 1980 pamoja na roketi ya Ariane iliyoibeba. AMSAT-OSCAR 40, iliyozidi kilo 600, ilirushwa Novemba 2000. Mwezi uliofuata hitilafu katika mfumo wa injini ikaharibu sehemu ya vifaa vyake, na Januari 2004 betri zikaimaliza. Waliochangia hawakudanganywa, na waliojenga walijitolea nafsi zao, lakini matumaini ya miaka mingi yalikuwa yamewekwa ndani ya chombo kimoja.

Baada ya hapo pendulamu ikaenda upande wa pili kabisa, kwenye visanduku vidogo vinavyorushwa mahali popote patakapopatikana, mara nyingi kwenye kimo cha kilomita 400 hivi, kile cha kituo cha kimataifa cha anga, ambako hewa nyembamba huviburuta na kuviteketeza baada ya mwaka mmoja au miwili. Sasa kuna sababu nyingine ya kubaki chini. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipunguza muda ambao setilaiti ya obiti ya chini inaruhusiwa kubaki juu baada ya kumaliza kazi, kutoka miaka 25 hadi mitano. Nakubaliana na lengo la kanuni hiyo kwa moyo wote, maana takataka za angani zitatufungia njia sisi kabla ya kuwafungia matajiri. Lakini waheshimiwa mnaotoa ruzuku mjue maana yake: chombo kidogo kisicho na injini wala tanga la kujishusha hakiwezi tena kuomba kimo cha AMSAT-OSCAR 7. Ikiwa mnataka setilaiti ya ridhaa iishi miaka kumi, lipieni kifaa cha kuishusha, kwa kuwa michango ya wanachama itatosha kujenga redio na pengine kununua nafasi kwenye roketi, basi.

Au tupeni kiti kwenye chombo chenu. Tarehe 15 Novemba 2018, miaka 44 kamili tangu AMSAT-OSCAR 7 kurushwa, setilaiti ya Qatar ya Es’hail-2 iliondoka kwenda kurusha matangazo ya televisheni, ikiwa imebeba pia transponda mbili za redio ya ridhaa zilizofanikishwa na kampuni yenye setilaiti, chama cha wanaridhaa wa Qatar na AMSAT ya Ujerumani, chama cha setilaiti za ridhaa cha huko. Tunaiita QO-100. Imesimama juu ya ikweta karibu na nyuzi 26 mashariki, haichomozi wala haizami, na inaonekana kuanzia Brazil hadi Thailand. Mtu mwenye dishi la kawaida la televisheni, kichwa chake cha kupokelea na wati chache kwenye 2.4 GHz anaweza kuzungumza na thuluthi moja ya dunia muda wowote, bila kusubiri dakika kumi na bila kupanda mnara. Ikitokea maafa yakaangusha minara ya simu, dishi hilo linaweza kutegwa na mtu mmoja. Thuluthi mbili za dunia zilizobaki hazina kitu kama hicho, na kila mwaka mashirika yenu na washirika wenu huidhinisha setilaiti nyingine kubwa za mawasiliano. Naomba kila mnapofungua zabuni ya setilaiti ya aina hiyo, muulize bei ya kuongeza transponda ya ridhaa kabla michoro haijafungwa. Swali likichelewa kwa miezi michache jibu huwa ni hapana, wala hapo si kwa ubaya wa mtu.

Kwenu viongozi wa vyama vyetu nina neno la ndani ya nyumba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwanachama anayetoa mchango wake ana haki ya kuambiwa kwa lugha nyepesi ni kiasi gani kimeingia kwenye vifaa, kiasi gani kwenye majaribio, kiasi gani kwenye roketi, na ni nini kimetengwa kwa ajili ya watu watakaoiongoza setilaiti ikiwa angani. Fungu hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Kituo cha ardhini kinahitaji umeme, antena zinaharibika, na wanaojitolea wanazeeka bila kurithisha ujuzi. Mtandao wa SatNOGS umeonyesha kwamba vituo vya watu binafsi, vyenye programu huria na michoro ya wazi, vinaweza kuunganishwa kusikiliza setilaiti duniani kote. Januari 2018 mwanaridhaa wa Kanada, Scott Tilley, aliisikia setilaiti ya NASA iitwayo IMAGE, iliyokuwa imenyamaza tangu Desemba 2005. Masikio yapo. Yawekeni kwenye bajeti pia.

Na ninyi wakuu wa vyuo, rekodi zangu za juma lile ninazo bado, usiku baada ya usiku, zikiwa na tarehe na saa. Kama mradi ule ulikuwa wa mmoja wenu, chapisheni muundo wa data, hata sasa. Nitaketi kuzisoma, nitawaita vijana tusome pamoja, na tutawaandikia tulichokikuta.

Wenu katika redio,

Mwanaridhaa na msikilizaji wa setilaiti